Run: Herufi 3, Maana 645

Hotuba hii niliitoa mbele ya kongamano la walimu wa lugha na wafasiri. Walioshindwa kufika wameiomba, kwa hiyo naiweka hapa yote kama nilivyoisema.

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, wafasiri, wanafunzi mliojaa kule nyuma, mabibi na mabwana, hamjambo?

Nianze na swali. Neno la Kiingereza run maana yake nini?

Nimesikia ukumbi mzima ukijibu: kukimbia. Ndilo jibu tulilopewa sote darasani, na ndilo tunalowapa watoto. Haya, sasa nisaidieni. The bus runs every hour. Basi linakimbia kila saa? My nose is running. Pua yangu inakimbia? She runs the office. Anaikimbia ofisi? Huyo angekuwa mtoro, na sentensi inatuambia kwamba yeye ndiye mkuu. The road runs along the river. The contract runs for two years. We have run out of time.

Tuziseme kwa Kiswahili cha kila siku. Basi hupita kila baada ya saa moja. Makamasi yananitoka. Yeye ndiye anayeiendesha ofisi. Barabara imeambaa na mto. Mkataba ni wa miaka 2. Muda umetuishia. Sentensi 6, ndugu zangu, na hakuna hata moja yenye mbio ndani yake.

Sasa sikilizeni habari hii. Kamusi kubwa kuliko zote za Kiingereza ni ile ya Oxford. Katika toleo lake la pili, la mwaka 1989, neno lililochukua nafasi kubwa zaidi lilikuwa set: maana zipatazo 430, zikaelezwa kwa maneno kama 60,000. Hicho ni kitabu kizima kwa ajili ya neno la herufi 3. Kisha wahariri wakaanza kuipitia kamusi upya, na mmoja wao, Peter Gilliver, akakabidhiwa run. Alikaa nalo miezi ipatayo 9. Alipomaliza alikuwa na maana 645, tena za kitenzi peke yake, nomino hazimo.

Miezi 9 kwa neno ambalo mtoto wa darasa la kwanza anaambiwa kwamba amelimaliza kwa dakika moja!

Nimekuja kusema jambo moja, na nitalirudia mpaka tulizoee: maana ya neno haikai ndani ya neno. Inakaa kati ya neno na wenzake. Anayefundishwa neno peke yake hajafundishwa neno, amefundishwa tahajia.

Kwanza tuulize: maana zote hizi zimetoka wapi? Je, Waingereza walikaa wakaamua kumtwisha punda mmoja mizigo yote? Hapana. Run ni neno la kale sana, na tangu kale lilikuwa na mambo mawili kwa pamoja: miguu inayokwenda mbio na maji yanayotiririka. Wajerumani wana ndugu yake mpaka leo, rinnen, na kwao rinnen ni kutiririka tu. Mkiyashika maji, mengi yanafunguka. Mto unakwenda: the river runs. Bomba linatoa maji: the tap is running. Pua nayo hivyo hivyo. Nguo ikichuja rangi kwenye maji, Mwingereza anasema the colours ran. Nta ya mshumaa ikiyeyuka ikashuka, run. Hakuna miguu hapo, lakini kuna kitu kinachokwenda bila kusukumwa, kinachoendelea chenyewe.

Na kutoka kwenye kuendelea chenyewe, hatua inayofuata ni fupi. Barabara inaendelea ikiambaa na mto. Mkataba unaendelea kwa miaka 2. Mvua ikinyesha siku 3 mfululizo, Mwingereza atasema three days running. Sifa au ugonjwa ukishuka kutoka kwa babu kwenda kwa baba na kwa mwana, it runs in the family: unatiririka katika ukoo. Kisha zikaja injini, viwanda na reli, na ghafla watu walikuwa na vitu vya chuma vinavyokwenda vyenyewe. Wangeviitaje? Neno lilikuwa tayari mezani. The engine is running. The trains are running. Na kama mashine inakwenda, yupo anayeifanya iende: he runs the machine. Kama anaendesha mashine, anaendesha kiwanda. Kama anaendesha kiwanda, anaendesha ofisi, shule, hata nchi. Zilipokuja kompyuta, programu nazo zikaanza ku-run, na leo kijana anayelisema neno hilo hafikirii miguu wala maji.

Mnaona? Kila maana ilizaliwa na jirani yake. Hakuna iliyoanguka kutoka angani.

Nawaomba hapa walimu tuwe waangalifu kidogo, kwa sababu kuna maneno yanayofanana kwa sura tu na hayana undugu wowote. Kwa Kiingereza bear ni yule mnyama dubu, na bear ni kubeba au kuvumilia. Hayo ni maneno mawili yenye asili mbili, yaliyokutana njiani. Sisi tunayo pia: kaa la moto, kaa wa baharini, na kaa kitako. Lakini Kiswahili kina rehema yake, nayo ni ngeli. Ukisikia kaa wa, unajua ana miguu mingi. Ukisikia makaa, unajua yatakuchoma. Kiingereza hakina ngeli za kukuokoa. Kinategemea jirani tu. Ndiyo maana nasema jirani, jirani, jirani.

Na msiende nyumbani mkidhani Kiingereza ni lugha ya ajabu. Mgeni anayejifunza lugha yetu naye anaambiwa piga ni kumchapa mtu kwa mkono au kwa fimbo. Kisha anatoka nje. Anasikia piga simu. Piga picha. Piga pasi. Piga mswaki. Piga hodi, piga magoti, piga kura, piga mbizi, piga chafya, piga marufuku. Maskini, anajiuliza kura imekosa nini. Basi niwaulize nyinyi: nani kati yetu alifundishwa orodha ya maana za piga? Mkono juu. Hakuna. Tulizijuaje? Tulipokea piga pamoja na pasi, piga pamoja na simu. Hatukupewa piga upande huu na pasi upande ule halafu tukaambiwa tuziunganishe. Mama alisema niletee nguo nizipige pasi, na maneno yale mawili yakaingia kichwani yakiwa yameshikana mikono, hayakuachana tena.

Hivyo ndivyo mtu anavyojifunza lugha yake. Kwa nini basi tukifundisha lugha ya pili tunayatenganisha maneno kabla hata hayajajuana?

Hoja hii si yangu. Mwaka 1957 mwanaisimu wa Uingereza, J. R. Firth, alisema kwamba utalijua neno kwa marafiki linaotembea nao. Maneno machache, lakini kazi kubwa ya isimu ya sasa imesimama juu yake. Mwenzake wa Marekani, George Zipf, alikuwa ameonesha mwaka 1945 kwamba kadiri neno linavyotumika zaidi ndivyo linavyobeba maana nyingi zaidi. Tulifikirie hilo vizuri. Maana yake ni kwamba maneno tunayoyaita rahisi, yale ya ukurasa wa kwanza wa kitabu, run, get, set, take, put, ndiyo magumu kuliko yote. Neno refu la kitabibu lina maana moja, ukiifungua kamusi umemaliza. Get haliishi. Na sisi tunalifundisha wiki ya kwanza, kwa kisawe kimoja, kisha tunasonga mbele kana kwamba tumeshalipa deni.

Kuna aliyejaribu kulitumia jambo hili kama njia ya mkato. C. K. Ogden, mtaalamu wa lugha wa Uingereza, mwaka 1930 alitangaza Kiingereza chepesi cha maneno 850, chenye vitenzi 18 tu. Winston Churchill mwenyewe, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, alikisifu kikiwa na umri wa miaka 13, akihutubia Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1943. Kwenye karatasi kinavutia: nani hawezi kujifunza vitenzi 18? Lakini ukiondoa vitenzi elfu, kazi zao hazifi. Zinawaangukia wale 18 waliobaki. Kuvumilia kunakuwa put up with. Kujenga kunakuwa put up. Kuanza kunakuwa make a start. Mwanafunzi ameondolewa maneno na kuongezewa maana, na maana ndizo zinazomsumbua. Mimi naheshimu nia ya Ogden, ila naona aliuhamisha mzigo tu, hakuupunguza.

Twende karibu zaidi. Naomba wote mtazame sentensi mbili, na mziandike kwenye karatasi zenu.

He ran over the bridge.

He ran over the dog.

Maneno ni yale yale. Mpangilio ni ule ule. Lakini ya kwanza ni: alivuka daraja akikimbia. Ya pili ni: alimgonga mbwa kwa gari. Katika ya kwanza kuna miguu, katika ya pili kuna magurudumu, na hakuna aliyeyataja. Ya kwanza mtu amefika ng'ambo, ya pili kuna mnyama amelala barabarani. Kilichobadilika ni kitu gani? Ni neno la mwisho, basi. Daraja na mbwa. Mfasiri anayesoma run na kuandika tafsiri yake kabla macho hayajafika mwisho wa mstari ameshapotea. Subiri, mfasiri. Soma mpaka mwisho, uone ni daraja au ni mbwa, ndipo urudi kwenye kitenzi.

Na hapo hatujagusa vile vijineno vinavyoning'inia nyuma. Run out, kuishiwa. Run into, kukutana na mtu bila kutarajia, au kugonga ukuta. Run down, betri kuisha chaji, au mtu kudhoofika kwa uchovu, au kumsema mtu vibaya. Run through, kupitia jambo upesi upesi. Mzee mmoja aliyenifundisha alikuwa akiviita mikia, na akisema mnyama huyu hutambulikana kwa mkia.

Mashine nazo zimepita njia hii, na kisa chake nakipenda sana. Januari 1954, huko New York, watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown na kampuni ya IBM walionesha kompyuta ikitafsiri sentensi zaidi ya 60 za Kirusi kwa Kiingereza. Ilikuwa na msamiati wa maneno 250 na kanuni 6 za sarufi. Magazeti yalishangilia, na wapo waliotabiri kwamba baada ya miaka michache kazi ya wafasiri ingekwisha. Lakini mwaka 1960 mwanafalsafa Yehoshua Bar-Hillel akaleta kisa kidogo cha mtoto. John mdogo alikuwa anatafuta sanduku lake la midoli. Mwishowe akaliona. The box was in the pen. John akafurahi sana.

Sanduku lilikuwa ndani ya pen. Pen ni nini? Mwanafunzi wetu atajibu kalamu, kwa sababu ndivyo alivyoandikiwa. Lakini sanduku litaingiaje ndani ya kalamu? Pen hapa ni kile kizizi chenye uzio anamowekwa mtoto mchanga achezee. Wewe umeelewa kwa sababu unajua ukubwa wa sanduku, unajua ukubwa wa kalamu, na unajua midoli hukaa wapi. Hakuna kamusi iliyokwambia. Bar-Hillel aliona mashine ya wakati ule haina njia ya kulijua hilo, na alikuwa na hoja nzito. Mashine za leo zimefika mbali kwa sababu zimelishwa maandishi mengi mno, zikajifunza kila neno hutembea na nani. Yaani zimefanya kile alichokisema Firth. Ikiwa mashine imelazimika kujifunza kwa marafiki wa neno, sisi walimu wa binadamu tunang'ang'ania kisawe kimoja kwa sababu gani?

Msidhani haya ni mambo ya ukumbini tu. Fundi mmoja alinionesha karatasi ya maelekezo ya pampu ya maji, imekunjwa mara nne, ina alama ya dole lenye grisi pembeni. Kwa Kiingereza ilisema: Never run the pump dry. Chini yake, kwa Kiswahili, ilisema: Usiikimbize pampu kavu. Fundi akakaa akafikiri. Akaelewa kwamba pampu ikiwa kavu isiendeshwe kwa kasi, polepole inaruhusiwa. Akaiwasha polepole, bila maji. Ikaungua kwa ndani. Tafsiri iliyotakiwa ni ya maneno manne: Usiiwashe pampu bila maji. Mtu aliyeiandika ile karatasi alijua kwamba run ni kukimbia. Alilijua vizuri kabisa, na pampu ikafa.

Hata wenye lugha wenyewe hawakubaliani, nami nitapita haraka hapa. Anayetaka urais Marekani anasema I am running. Anayetaka ubunge Uingereza anasema I am standing. Mmoja anakimbia, mwingine amesimama, na wote wawili wanagombea. Soksi ndefu ya mwanamke ikifumuka mstari, Mmarekani anauita run, Mwingereza anauita ladder, yaani ngazi. Na Churchill amesimulia kwamba wakati wa Vita Vikuu vya Pili maafisa wa Uingereza walitaka waraka fulani ujadiliwe kwa haraka, wakawaambia wenzao wa Marekani kwamba wanataka ku-table waraka huo. Kwa Mwingereza to table ni kuleta mezani. Kwa Mmarekani ni kuweka pembeni usijadiliwe. Wakabishana muda mrefu, tena kwa ukali, kabla ya kugundua kwamba wote walitaka kitu kimoja.

Hao walipata nafasi ya kugundua. Wapo ambao hawakuipata, na hapa naomba utulivu.

Machi 27, 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Los Rodeos, kisiwa cha Tenerife nchini Hispania, kulikuwa na ukungu mzito. Ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747, moja ya KLM, shirika la ndege la Uholanzi, na nyingine ya Pan Am, shirika la Marekani, zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia, na mnara wa kuongozea haukuziona. Rubani msaidizi wa KLM alisema kwenye redio maneno yaliyosikika kama we are now at take-off. Tuko kwenye kuruka. Maana yake nini? Tumefika mahali pa kurukia, tunangoja? Au tumeshaanza kuruka? Mnara ulielewa kwamba wanangoja. Kumbe ndege ilikuwa tayari inashika kasi. Mnara ukajibu: OK. Kisha ukaendelea kuwaambia wasubiri, wataitwa. Lakini sekunde ile ile Pan Am nao walikuwa wanasema kwamba bado wako njiani, sauti mbili zikagongana hewani, na kwenye chumba cha marubani wa KLM likaingia neno moja safi: OK. Yaliyofuata yalikuwa mlio tu.

Walikufa watu 583.

Sababu zilikuwa nyingi, ukungu, haraka, uchovu, na siwezi kuliwekea neno moja lawama yote. Lakini tazameni mamlaka za anga zilifanya nini baadaye. Zililichukua neno take-off zikalifunga. Leo linatamkwa pale tu ruhusa ya kuruka inapotolewa au inapofutwa. Kabla ya hapo, kila mtu anatumia neno jingine, departure. Na ruhusa haijibiwi kwa OK. Rubani anarudia maelekezo yenyewe. Walielewa kwamba neno lenye maana mbili, likikosa marafiki wa kulifafanua kwa sababu redio imewameza, ni hatari. Kwa hiyo wakaliondolea maana zote wakaliachia moja, kwa amri.

Sisi hatuna mamlaka hiyo juu ya lugha ya kawaida, wala hatuitaki, kwa sababu wingi wa maana ndio unaoifanya lugha iweze kusema mambo mapya bila kuunda neno jipya kila asubuhi. Tulichonacho ni namna ya kufundisha.

Kwa hiyo, walimu, ombi langu ni hili. Daftari la mwanafunzi lisiandikwe run, alama ya usawa, kukimbia. Liandikwe sentensi nzima, na chini yake sentensi nzima ya Kiswahili. Run a business, kuendesha biashara. Run a fever, kuwa na homa. Run for office, kugombea cheo. Run a risk, kujiweka hatarini. Run late, kuchelewa. Mwanafunzi asipewe neno likiwa pweke hata siku moja. Na mtihani usiulize maana ya run. Umpe sentensi tatu na kumuuliza nani amefanya nini.

Wafasiri, nyinyi mkikutana na kitenzi kifupi cha Kiingereza, anzeni upande wa kulia. Tafuteni nomino kwanza, ni injini, ni homa, ni gazeti, ni pua, kisha mjiulize: Mswahili akiwa na nomino hii husema imefanyaje? Injini huwaka, homa hupanda, gazeti huchapisha, pua hutoka makamasi. Nomino ya Kiswahili itakuletea kitenzi chake yenyewe, na hutahitaji kukumbuka kwamba kule kwingine kulikuwa na run.

Na kuna mwanafunzi aliyenishika mkono pale mlangoni kabla sijaingia akaniuliza kama inambidi akariri maana zote 645. Hapana, mwanangu. Waingereza wenyewe hawajawahi kuzikariri. Walizipata moja moja, kila moja ikiwa na sentensi yake, nawe utazipata hivyo hivyo ukisoma kila siku. Anza na zile za leo. Zimetosha kwa mwezi huu.

Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti. Naona mikono imeshanyooka kule nyuma, na ningependa waanze wao.